Santuri ya Ellington ya Newport 1956: ni ya jukwaani kweli, au makofi yamebandikwa?

Mpwa wa Chikongola (Mtwara mjini)

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa watu wanaozifahamu santuri za jazi ya Marekani, hasa zile zilizorekodiwa jukwaani mbele ya watu, maana nimeshikwa na mashaka ambayo hapa mjini sijampata wa kunitolea.

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani na kufanya kazi bandarini, na alipofariki mwaka jana ukoo uliniachia sanduku lake la bati lenye santuri kumi na tisa. Kumi na saba ni zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, za dansi ya kwetu, na miongoni mwake zimo za Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Mbili ni kubwa za inchi 12. Ya kwanza imeandikwa "Ellington at Newport", yaani Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, kwenye tamasha la Newport huko Marekani; kampuni ni Columbia, namba CL 934, lebo yake ni nyekundu, na jalada lake limetafunwa na mende upande wa mgongo, walikofuata gundi. Ya pili imo ndani ya jalada jeupe lisilo na picha. Lebo yake ina jina la kampuni nisiyoiona popote ninapotafuta, ina majina ya nyimbo nne, lakini haina mwaka wala mahali.

Mwezi uliopita alifika bwana mmoja anayezunguka mikoani kununua santuri za zamani. Aliisikiliza ile ya Ellington kwa dakika chache, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba ni feki: haikurekodiwa jukwaani hata kidogo, ilipigwa studio na makofi yakabandikwa baadaye, na ushahidi ni jinsi inavyosikika. Ni kweli kwamba inasikika vibaya. Bendi nzima inaburuta miguu, saksafoni inakoroma kwa mbali, na umati unaoshangilia unasikika kama wanaume watupu, kana kwamba hapakuwa na mwanamke hata mmoja uwanjani. Baada ya kuiponda hivyo, bwana yule akatoa shilingi laki mbili kwa santuri zote mbili kubwa, fedha taslimu, hapo hapo kibarazani. Nikajiuliza: kama ni feki, haraka hii ni ya nini? Nikamwomba anipe muda wa kufikiri, na muda wenyewe unaelekea kwisha.

Ninatumia mashine ya santuri niliyonunua kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika kutoka ng'ambo, ile ya kuzungushwa kwa mkanda wa mpira, na fundi wa mtaani amenifungia transfoma ya kushusha umeme. Ningependa kujua kama santuri hii ni rekodi ya jukwaani au siyo, kama ni adimu, na ile nyeupe ni kitu gani. Nikipata majibu ya kuridhisha, nina nia ya kuanza kukusanya rekodi za namna hii kwa dhati.

Mama Rahaleo (Lindi)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Marehemu mume wangu alikusanya santuri hizi kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu alipotutoka nimeendelea mimi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Yule bwana amekupa nusu ya ukweli, ile nusu inayoshusha bei. Onyesho lilikuwepo. Lilifanyika usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la jazi la Newport, jimbo la Rhode Island, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1954 tu. Wakati ule Duke Ellington hakuwa tena katika kilele cha jina lake. Bendi kubwa zilikuwa zimepitwa na mitindo mipya ya vikundi vidogo, na wengi walimhesabu kuwa mtu wa jana. Usiku ulikuwa umekwenda sana na baadhi ya watazamaji walikwisha kuondoka, ndipo alipokitoa kipande chake cha zamani cha mwaka 1937, "Diminuendo and Crescendo in Blue". Kipande hicho kina sehemu mbili, na pale katikati, penye pengo, alimwachia Paul Gonsalves ajaze kwa saksafoni yake ya tena kwa kadiri atakavyojisikia. Gonsalves akapiga mizunguko 27 ya bluzi mfululizo (mzunguko mmoja ni kuupitia mpangilio wa wimbo mara moja, mwanzo hadi mwisho), nyuma yake kukiwa na ngoma, besi na piano tu. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeusi akainuka akaanza kucheza, na waliokuwa wakikusanya virago vyao wakarudi kusimama juu ya viti. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

Sasa tufike kwenye kasoro, maana ipo. Jukwaani palikuwa na maikrofoni za Columbia na pia maikrofoni ya Voice of America, redio iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya matangazo yake ya nje. Katika jazba ile Gonsalves alipiga mbele ya maikrofoni isiyo ya Columbia, na kwa sababu hiyo kwenye tepu ya Columbia yeye yuko mbali, kama mtu anayezungumza nawe akiwa amekupa mgongo. Isitoshe, ile kazi ndefu ya sehemu tatu iliyotungwa mahususi kwa tamasha, ambayo ndiyo upande wa kwanza wa santuri yako, haikupigwa kwa ukamilifu uliotakiwa. Prodyuza George Avakian akaiingiza bendi studio huko New York siku chache baadaye, vipande vikarudiwa, kisha vikaunganishwa na vya jukwaani na kuongezewa makofi.

Kwa hiyo upande wa kwanza, sehemu kubwa ni ya studio, na hapo mnunuzi wako hakukosea. Lakini upande wa pili, kile kipande kirefu cha Gonsalves, ni cha jukwaani, na ushahidi ni ule ule alioutumia yeye kukiita feki. Laiti kingetengenezwa studio, nani angemweka mpiga saksafoni mbali na maikrofoni kiasi kile?

Adimu sikufichi: si adimu. Hii ndiyo santuri iliyouzwa zaidi katika maisha yote ya Ellington, na nakala zake zimejaa duniani. Hata hivyo nakala za kwanza zina wateja wake. Tazama lebo: kama ile nyekundu ina alama ndogo sita zinazofanana na macho, tatu kila upande, ni ya kabla ya mwaka 1962 hivi. Kisha chukua tochi ya simu, uinamishe santuri, usome maandishi yaliyokwaruzwa kwenye ukanda laini ulio kati ya mwisho wa muziki na lebo. Columbia waliandika herufi XLP zikifuatwa na namba, na mwishoni tarakimu na herufi, kama 1A au 1C, zinazoonyesha ni kigezo kipi kilichotumika kuchapia. Mimi ninayo ya Philips, iliyochapwa Uingereza, kwa sababu miaka ile jina la Columbia huko Uingereza lilikuwa mali ya kampuni nyingine na rekodi za Columbia ya Marekani zilitolewa na Philips. Za kwetu huku pwani aghalabu zilipitia njia hiyo. Kama yako ni ya Marekani yenyewe, basi mjomba wako aliinunua bandari ya mbali. Na ukikutana na nakala ya baadaye iliyoandikwa stereo, usiilipie zaidi kwa neno hilo: ni mono iliyogawanywa kwa umeme ili ionekane inatoka pande mbili.

Tena usidhani kasoro hizi ni za Newport peke yake. Chukua onyesho la Massey Hall, mjini Toronto, tarehe 15 Mei 1953, ambalo wakusanyaji wengi huliheshimu kuliko lolote: Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach kwenye jukwaa moja. Ukumbi haukujaa, kwa kuwa usiku ule ule kulikuwa na pambano la ngumi la Rocky Marciano na Jersey Joe Walcott. Parker alipiga saksafoni ya plastiki, na kwenye santuri jina lake likaandikwa "Charlie Chan" kwa sababu za mkataba. Mingus, alipoona besi yake haisikiki kwenye tepu, akairekodi upya juu ya ile ya awali kabla ya kuitoa kwa lebo ya Debut, aliyokuwa akiiendesha pamoja na Roach. Je, tuite feki? Mimi siwezi. Ninachotaka ni kujua ni wapi palipoguswa, kisha nisikilize nikijua.

Kuhusu ile nyeupe nina dhana, lakini kwanza niambie: je, unasikia sauti ya mtangazaji mwanzoni au katikati ya nyimbo?

Fundi wa Mikindani

Nimesoma kwa makini, na naona sote tunazungumzia maikrofoni ilhali mgonjwa ni mashine. Kijana, umesema jambo moja ukalipita haraka: kwamba umati wote unasikika kama wanaume. Umati hauwi wanaume watupu kwa sababu ya maikrofoni kukaa vibaya. Unakuwa hivyo santuri ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Marekani, na nusu ya magharibi ya Japani, wanatumia hezi 60. Transfoma uliyofungiwa hubadili volti, hezi haizigusi. Mashine nyingi za mkanda za miaka ya 1970 zina mota inayofuata hezi za umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60, ukiichomeka hapa kwetu, huzunguka kwa tano juu ya sita tu ya mwendo wake. Santuri inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika huzunguka chini kidogo ya mara 28, na kila sauti hushuka karibu nusutoni tatu. Saksafoni ya tena hukoroma, na mama anayepiga vigelegele hugeuka baba.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Bandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani ya mashine, washa, na uhesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili kwa saa ya simu. Ukipata 100, mimi ni mwongo. Ukipata 83, usimuuzie mtu chochote hadi uitengeneze.

Tiba ni puli. Kwenye mhimili wa mota kuna kijipuli cha shaba ambacho mkanda hupita juu yake. Kwa umeme wetu kinatakiwa kiwe kinene zaidi kwa moja ya tano. Kama kina milimita 10, kiwe na 12, kwa kuhesabu na unene wa mkanda. Fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kukuchongea kwa kipande cha shaba, mradi tundu la katikati liwe katikati kweli, la sivyo sauti itayumba kama mtu aliyelewa. Usikubali ushauri wa kuzungushia utepe wa gundi kwenye puli ya zamani. Nimeziona hizo, utepe hulainika kwa joto la huku na kuutia mkanda utomvu.

Na kwa kuwa unataka kukusanya, nikuongezee machache ya usalama, maana pwani yetu haina huruma na santuri. Usithubutu kuipiga santuri ya Ellington kwenye gramafoni ya kukokota kwa mkono; sindano yake ya chuma ina uzito wa zaidi ya gramu mia, wakati santuri hizi zinataka gramu mbili hivi, na utaichimba mifereji kwa mara moja tu. Kuvu ile ya rangi ya kijivu inayoota wakati wa masika ioshe kwa maji yaliyotoneshwa. Hapa madukani huuzwa kama maji ya betri, lakini uliza vizuri na usome chupa, kwa sababu wapo wanaokupa yenye asidi chini ya jina hilo hilo. Tia tone moja la sabuni ya vyombo, tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, na ufute kwa kuzunguka kufuata mifereji. Usikatize. Spiriti usiiguse kabisa kwenye santuri zile za kale za mwendo wa 78, kwa kuwa zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyushwa na spiriti. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na paa la bati. Vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mimi sivitupi. Naviweka kwenye sanduku, na kila baada ya muda navianika juani.

Jambo la mwisho, si la ufundi. Mama ametaja maikrofoni ya Voice of America. Mimi nilipokuwa kijana hapa Mikindani, usiku tulikuwa tukiitafuta redio hiyo kwenye masafa mafupi kwa ajili ya kipindi cha jazi cha Willis Conover, kilichoanza mwaka 1955. Alikuwa akizungumza Kiingereza cha taratibu, neno moja moja, hata sisi wa darasa la saba tukamfuata. Sauti ilikuwa ikija na kuondoka kama mawimbi. Kwa hiyo Gonsalves hakukosea maikrofoni. Alipiga kwenye yetu.

Msikilizaji wa Masasi

Shikamoo Mama Rahaleo, shikamoo Fundi. Naomba kutofautiana nanyi kwa heshima kuhusu jambo moja, nalo ni hili la kupima lebo na kusoma namba zilizokwaruzwa.

Mwaka 1999, baada ya tepu ya Voice of America kupatikana, kampuni yenyewe ya Columbia ilitoa toleo kamili la Newport kwenye CD mbili. Waliipanga tepu ile sambamba na ya Columbia, moja ikawa sikio la kushoto na nyingine la kulia, na kwa mara ya kwanza Gonsalves akasikika akiwa karibu, na vipande vya jukwaani vilivyoachwa mwaka 1956 vikarudishwa mahali pake. Ukitaka kuusikia usiku ule, utausikia huko, wala si kwenye santuri ya macho sita. Vivyo hivyo kwa Thelonious Monk na John Coltrane: walipiga pamoja Carnegie Hall tarehe 29 Novemba 1957, Voice of America wakarekodi, tepu ikalala katika Maktaba ya Bunge la Marekani hadi ilipogunduliwa mwaka 2005, na mwaka huo huo Blue Note wakaitoa. Coltrane na Eric Dolphy walirekodiwa Village Gate mwaka 1961, na tepu ile ikapatikana katika maktaba ya umma ya New York, ikatolewa mwaka 2023. Hakuna mkusanyaji aliyekuwa na santuri ya usiku hizo, kwa sababu santuri hazikuwepo. Kilicho adimu ni tepu, na ikishapatikana, nakala mpya iliyochapwa vizuri humfaa msikilizaji kuliko ya kale yenye mikwaruzo.

Nasema haya kwa uchungu wa mfukoni pia. Niliwahi kuagiza nakala ya zamani ya rekodi ya Bill Evans ya Village Vanguard, iliyofanyika tarehe 25 Juni 1961, siku kumi na moja tu kabla ya mpiga besi Scott LaFaro kufa katika ajali ya gari. Nililipa fedha nyingi, ikafika Dar es Salaam salama, kisha ikapandishwa basi kuja Masasi. Waliiweka kwenye buti, juu ya sehemu yenye joto, na juu yake wakapanga magunia. Ilinifikia imepinda kama ungo, na sindano ikipanda na kushuka mara moja kila mzunguko kama ngalawa kwenye kusi. Upande wa pili unapigika. Wa kwanza siwezi kuusikiliza bila kukasirika.

Na kuhusu zile kumi na saba ndogo za mjomba, ndugu yangu, usizidharau kwa sababu haziitwi za jukwaani. Bendi zetu zilijiita Jazz bila kupiga jazi ya Ellington, hilo tunalijua, lakini Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wengi wao wakipiga wote kwa pamoja chumba kimoja, na kwa masikio yangu hiyo iko karibu na jukwaa kuliko upande wa kwanza wa santuri yako.

Mama Rahaleo (Lindi)

Marahaba, Masasi. CD ya 1999 ninayo na naipenda, lakini umesahau swali la kijana: yeye ana santuri mkononi na anataka kujua ni nini. Walioisikiliza mwaka 1956, pamoja na mjomba wake, walimsikia Gonsalves akiwa mbali, na hivyo ndivyo alivyolitengeneza upya jina la Ellington. Kwangu mimi hilo nalo ni sehemu ya kumbukumbu. Wewe nunua mpya, mimi nitakuachia.

Lile la basi, pole sana. Mimi kila santuri inayotoka Dar es Salaam huifuata mwenyewe.

Mpwa wa Chikongola (Mtwara mjini)

Wakubwa zangu, nawashukuruni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na habari kamili.

Nilihesabu. Mara ya kwanza nilipata 83, nikadhani nimekosea, nikamwita mdogo wangu ahesabu naye bila kumwambia ninachotarajia, akapata 83 na nusu. Nilikwenda Magomeni kwa fundi wa kukereza vyuma, nikampa puli ya zamani na kipimo. Alicheka kwamba kwa kawaida huletewa shafti za mashine za kusaga na pampu za maji, lakini alitumia karibu saa nzima kukilainisha kile kipande cha shaba, na mwishoni akakataa kuniruhusu kuondoka kabla sijakizungusha mbele yake kuona kama kinayumba. Sasa napata 100 kwa dakika tatu, pungufu ya robo mzunguko.

Niliweka upande wa pili usiku, nyumba ikiwa imelala. Fundi, wanawake wamerudi. Kuna mmoja anayepiga ukelele, na kuanzia hapo kelele za watu zinapanda kidogo kidogo hadi bendi nzima inaporudi. Saksafoni ingali mbali, kama Mama alivyosema, lakini sasa ni mbali ya mtu aliyesimama mahali, siyo ya mtu mgonjwa. Nilijaribu kuhesabu mizunguko ile 27 nikapotea kwenye ya kumi na nne. Lebo ina macho sita, na kwenye ukanda laini nimesoma XLP na mwishoni 1D.

Kuhusu ile nyeupe: ndiyo, mtangazaji yupo. Mwanamume mwenye sauti nzito ya taratibu anazungumza juu ya muziki kabla haujaisha, anataja jina Birdland mara mbili, na vyombo vya mezani vinasikika vikigongana. Wimbo wa mwisho upande wa kwanza unakatwa ghafla katikati ya tarumbeta. Namba za ukingoni zimeandikwa kwa mkono, mwandiko wa haraka haraka, na hazilingani na zile zilizochapwa kwenye lebo.

Yule mnunuzi amepiga simu mara mbili. Amepandisha hadi laki tatu, lakini safari hii ameuliza ile nyeupe peke yake.

Mama Rahaleo (Lindi)

Nilidhani hivyo. Birdland ilikuwa klabu ya New York iliyofunguliwa Desemba 1949, na usiku kulikuwa na matangazo ya redio ya moja kwa moja kutoka humo, mtangazaji mashuhuri akiwa Symphony Sid. Walikuwepo watu waliokaa nyumbani na mashine za kukatia santuri wakiyarekodi matangazo hayo jinsi yalivyokuja. Anayejulikana zaidi ni Boris Rose, ambaye baadaye alizitoa rekodi hizo kwenye santuri zenye majina ya lebo aliyoyabuni mwenyewe, moja baada ya nyingine, ndiyo maana kampuni yako huioni popote. Wanamuziki hawakulipwa kitu, na hilo lazima ulijue kabla ya kujivunia. Lakini pasipo watu kama hao, usiku mwingi wa Parker, Powell na wengine wa wakati ule usingebaki hata kwa robo saa.

Kukatwa katikati ya tarumbeta ni dalili nzuri: muda wa redio uliisha, au sahani ilijaa. Mwandiko wa mkono nao unaafiki. Kinachobaki ni kujua ni usiku upi na nani wanapiga, na majina ya nyimbo yaliyo kwenye lebo usiyategemee, kwa kuwa mara nyingi yaliandikwa kwa makusudi yasiyo sahihi. Inabidi isikilizwe na mtu anayezijua sauti za wapigaji mmoja mmoja. Ninaye jirani hapa Lindi mwenye masikio hayo, na mashine yangu imepimwa. Usimjibu yule bwana kwanza.

Mpwa wa Chikongola (Mtwara mjini)

Mama, nitapanda basi la asubuhi Jumamosi. Nimekata mbao mbili nyembamba za kuibana pande zote, na nitaibeba mapajani mwenyewe. Kwenye buti haiingii.

Fundi wa Mikindani

Kaa upande wa kushoto. Ukishapita Mnazi Mmoja kuelekea Lindi, jua la asubuhi lote liko kulia.